Joto Lililofichwa Chini ya Kiti

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wiki hii tumepokea barua kutoka Muhuru Bay, katika kaunti ya Migori, kule ambako Kenya inapakana na Tanzania ufukweni mwa Ziwa Victoria. Aliyetuandikia ni dada yetu, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa kwa watu wa ziwani, ambaye nduguye humpelekea jarida hili kila apatapo msafiri. Ameomba asitajwe jina, nasi tumemstahi. Barua yake inahusu kiti cha gari. Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kuliona jambo hilo katika safu iliyozoea kuzungumzia ndoa, malezi na ibada. Tunawaomba wavumilie kidogo, kwani ndani ya kiti hicho mna haki ya mzazi, haki ya mnunuzi, na suala ambalo mke anaogopa kumuuliza mumewe.

Dada yetu anaeleza kwamba miezi minne iliyopita mumewe, ambaye ni mchuuzi wa omena na mbuta, alinunua gari dogo la Kijapani katika yadi moja mjini Mombasa. Gari lilikuwa safi, na viti vya mbele vilikuwa vimevishwa kava mpya. Mwezi uliopita walimchukua mavyaa yake kumpeleka kliniki Migori mjini. Mavyaa huyo ni bi kizee mwenye maradhi ya sukari, aliyewahi kupatwa na kiharusi, na tangu hapo upande wake wa kushoto hauna hisia. Akaketishwa kiti cha mbele apate nafasi ya kunyoosha mguu. Njiani mjukuu aliyekuwa amepakatwa na bibi alichezea vitufe, akabonyeza kimoja kilichokuwa na picha ya kiti na mistari mitatu ya kujipinda juu yake. Hakuna aliyejua maana yake, na hakuna aliyejali. Bibi hakulalamika njia nzima. Usiku, dada yetu alipokuwa akimsaidia kuoga, aliliona paja la kushoto limeungua kwa upana wa kiganja cha mkono, limejaa malengelenge, na mwenyewe hana habari.

Siku ya pili fundi aliitwa, akakivua kiti kava. Chini yake aliikuta sponji imekuwa nyeusi kwa kuungua, na waya mwembamba uliokatika ukiwa umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe wa umeme. Kazi hiyo haikuwa ya jana. Aliyeifanya aliliona tatizo, akaliziba, kisha kava mpya ikawekwa juu. Mume akampigia simu muuzaji siku hiyo hiyo. Akajibiwa kuwa risiti imeandikwa wazi kwamba gari limeuzwa kama lilivyo na halirudishwi. Kwa uchungu wa jibu hilo, mume amesema ataking'oa kile kitufe, atarudisha kava mahali pake, kisha atamuuzia gari mtu mmoja wa Homa Bay aliyekwisha kuliulizia. Maneno yake ni kwamba kama tulivyouziwa, nasi tuuze.

Dada yetu anauliza mambo matatu. Je, kiti hicho chaweza kutengenezwa kikawa salama? Je, maneno yale ya risiti yanamwondolea muuzaji lawama mbele ya sheria ya Mwenyezi Mungu? Na je, yeye kama mke ana dhambi akinyamaza gari likiuzwa?

Kabla ya kujibu, tumeona ni wajibu kwanza kukifahamu chombo chenyewe, na tumekaa na mafundi wa umeme wa magari hapa Mombasa watufahamishe, kwani hukumu juu ya jambo hufuata kulijua jambo.

Kiti cha gari chenye kupasha joto kilibuniwa kwa ajili ya nchi za baridi kali. Katika kampuni ya General Motors ya Marekani, Robert Ballard alipewa hataza ya kiti cha namna hiyo mwaka 1955, na mwaka 1966 magari ya Cadillac yakaanza kuuzwa yakiwa na viti hivyo kwa mnunuzi aliyevitaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Saab ya Uswidi, nchi ya theluji, ikaviweka katika magari yake kama jambo la kawaida. Japani nayo ina majira ya baridi, na kisiwa chake cha kaskazini, Hokkaido, hufunikwa na theluji kwa miezi mingi. Basi si ajabu kwamba magari mengi yaliyotumika huko huja kwetu yakiwa na kifaa hiki. Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia nchini iwapo halijapita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na sehemu kubwa ya magari hayo hushuka katika bandari ya Mombasa, yakapangwa katika yadi zetu, kisha yakatawanyika hadi Kisumu, Homa Bay na Muhuru. Hivyo gari liliundwa kwa mtu anayetetemeka kwa baridi, likaishia kwa mtu anayejipepea. Kifaa hakihitajiki, hakitazamwi, na kitufe chake hakisomeki. Laiti kisingekuwa na hatari, tungekisahau.

Namna kinavyofanya kazi ni nyepesi kueleweka. Chini ya kava, juu ya sponji, hugandishwa pedi nyembamba, moja ya kukalia na nyingine ya kuegemea. Ndani ya pedi mna waya au nyuzi za kaboni zenye kuzuia umeme kwa kiasi fulani, na umeme ukizuiwa hugeuka joto, kama ulivyo waya wa pasi au wa birika la umeme. Betri ya gari ni ya volti 12. Pedi ikiwa na ukinzani wa omu 3, umeme unaopita ni ampea 4, na joto linalozaliwa ni wati 48. Hicho si kiasi kikubwa kikienea kiti kizima. Katikati ya pedi huwekwa themostati, ambayo hukata umeme kiti kinapofikia joto lililokusudiwa na kuurudisha kinapopoa.

Madhara huja pale waya unapoharibika. Mtu anapopiga goti juu ya kiti ili afikie nyuma, au anapokaa na funguo mfukoni, au maji yanapomwagika, waya hukunjwa, huliwa na kutu, mwisho hukatika. Ukikatika kabisa, kiti hakipati joto, na hiyo ndiyo hali ya salama. Hatari ni pale unapokatika nusu, au unapoungwa ovyo kama ule wa Muhuru. Hapo joto ambalo lilipaswa kuenea hukusanyika mahali pamoja, na mahali hapo huunguza kava, sponji na mwili. Vilevile themostati ikinasa, umeme haukatiki tena. Wapo wanaojipa moyo kwa kusema kuwa gari lina fyuzi. Fyuzi hukatika umeme unapozidi kiasi, lakini kiungo kibovu chaweza kuwaka moto huku umeme wote unaopita ukiwa ni ule ule wa kawaida. Fyuzi imewekwa kulinda nyaya za gari, haikuwekwa kulinda ngozi ya mtu.

Ama ngozi, ina kiwango chake. Tangu mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walionyesha kwamba ngozi huungua hata kwa joto la nyuzi 44 tu ikiwa italigusa kwa muda wa saa sita hivi, na kila nyuzi moja inapoongezeka, muda huo hupungua kwa karibu nusu. Kufikia nyuzi 49, dakika kumi hivi zatosha. Mtu mzima mwenye hisia hujisogeza kabla ya kudhurika. Lakini aliyepooza, aliyekufa ganzi kwa sukari, aliyelala fofofo kwa dawa, na mtoto mchanga asiyeweza kujigeuza, hao hawana kinga hiyo. Mwaka 2011 madaktari wa majeraha ya moto na watetezi wa usalama nchini Marekani waliiandikia mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo kuhusu watu waliopooza walioungua vibaya katika viti vya namna hii, wakitaka viwekewe kikomo cha joto na saa ya kuvizima vyenyewe. Kwa hiyo lililompata bi kizee wetu limewapata wengine katika nchi zenye mafundi na vipimo vingi kuliko sisi.

Mama zetu wa pwani wanalijua jambo hili bila ya kitabu. Mkandaji anapomkanda mzazi ndani ya arubaini yake, hatii kitambaa cha maji moto mwilini mwa mzazi kabla ya kuyapima maji kwa mkono wake mwenyewe. Joto lile ni dawa kwa sababu kuna mkono uliolipima. Kiti kibovu kinatoa joto bila ya mkono wa kukipima, tena kwa mtu asiyeweza kusema basi.

Tumuombee bibi shifaa, na tuwakumbushe wasomaji yafuatayo. Jeraha la moto likiwa bichi, limwagiwe maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Lisipakwe dawa ya meno, wala mafuta, wala unga, na malengelenge yasipasuliwe. Mwenye sukari akiungua, hata kama jeraha ni dogo na haliumi, apelekwe hospitali, kwani kutouma si dalili ya nafuu kwake, na vidonda vyake hukawia kupona.

Sasa tuje kwenye suala la kwanza. Naam, kiti hicho chatengenezeka, na njia ni mbili. Njia ya kwanza ni kukiondoa kifaa moja kwa moja, na kwa mtu wa Muhuru Bay asiye na haja ya kupashwa joto, hii yatosha. Lakini kukiondoa si kung'oa kitufe. Kitufe kikitoka, nyaya zingali na umeme, na rilei ikinasa kiti kitawaka bila ya kubonyezwa. Kukiondoa ni kuchomoa plagi ya pedi iliyo chini ya kiti, kuzihami ncha zake zisigusane na chuma, na kuondoa fyuzi ya kifaa hicho ikiwa haihudumii kitu kingine.

Njia ya pili ni kuweka pedi mpya. Fundi mwaminifu huanza kwa kupima pedi kwa mita ya umeme. Pedi nzima husoma omu chache tu, na iliyokatika haisomi kitu. Kisha huzima gari na kufungua waya hasi wa betri, akasubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa kiti. Kusubiri huku si uvivu, kwa maana viti vingi vya siku hizi vina mfuko wa hewa wa usalama ubavuni, na mfuko huo ukifumuka mikononi mwa fundi waweza kumjeruhi. Plagi zake kwa kawaida ni za rangi ya manjano, na asiyezijua asiziguse. Baada ya hapo hufungua bolti nne zinazokishika kiti sakafuni, akakilaza, akachomoa plagi, na kuzikata zile pete ndogo za chuma zinazoshikilia kava kwenye sponji. Pedi mbovu hubanduliwa taratibu. Sponji iliyoungua hubadilishwa, haifunikwi.

Pedi mpya hugandishwa ikiwa imenyooka bila kunjo, kwani ikikunjwa joto hujirundika pale pale kwenye kunjo. Isikatwe ila pale mtengenezaji alipoelekeza, iwe na themostati yake, na isifunike kitambuzi cha uzito kilichomo katika kiti cha abiria, ambacho huuambia mfuko wa hewa kama kuna mtu ameketi. Kabla ya kava kurudishwa, fundi huunganisha umeme, akaweka kiganja juu ya pedi na kuipitia yote, akihakikisha joto limeenea sawa na kwamba linakatika lenyewe. Kuunga waya uliokatika kwa kuusokota na kuuzungushia utepe si matengenezo. Fundi akikuambia kwamba hilo latosha, mshukuru na utafute mwingine. Na akiifanya kazi yake kwa uaminifu, mlipe haki yake upesi bila ya kumzungusha.

Suala la pili ni la muuzaji. Sahaba Abu Huraira (r.a.) amesimulia, na Imamu Muslim ameipokea habari hiyo, kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye mali, akaambiwa kuwa nafaka ilinyeshewa. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile mbichi juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Tutazame vizuri kisa hiki. Mvua haikuwa kosa la mchuuzi yule, na kuuza nafaka iliyonyeshewa hakukuwa haramu. Kosa lilikuwa kuweka kavu juu na mbichi chini. Basi kava mpya juu ya sponji iliyoungua ina tofauti gani na hilo?

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mnunuzi aliyegundua aibu iliyokuwamo katika mali kabla hajakabidhiwa, naye hakuijua, ana hiari ya kuirudisha na kurejeshewa thamani yake. Ama sharti la muuzaji kwamba halaumiwi kwa aibu yoyote, kauli yenye nguvu iliyothibitishwa na Imamu Nawawi ni kwamba sharti hilo humfaa katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, na halimfai katika mali nyingine. Gari si mnyama. Kwa hiyo maneno ya risiti hayamwondolei muuzaji lawama. Na kama aliijua aibu, basi dhambi ya kuificha iko juu yake, risiti iseme itakavyosema.

Lakini hiari hiyo ina masharti kwa mnunuzi pia. Lazima adai mara anapoijua aibu, bila ya kukawia, na asiendelee kuitumia mali kama ya kwake aliyeridhika nayo. Mume wa dada yetu alimpigia muuzaji simu siku ile ile, na hilo limemlindia haki yake. Tunamshauri asilitumie gari tena kwa kuchukulia samaki mpaka jambo limalizike, ila kwa safari ya kulirudisha. Asikate wala kuharibu kitu kipya, kwani mali ikipata aibu mpya mikononi mwa mnunuzi, hawezi tena kuirudisha kwa nguvu. Ama kule kukivua kiti ili tatizo lijulikane, hakuna ubaya. Wanachuoni wametaja mfano wa mwenye kununua mayai, nazi au tikiti, ambavyo ubovu wake hauonekani mpaka vivunjwe, kwamba kuvunja huko hakumzuii kurudisha. Akina mama wa pwani wanaorudisha nazi mbovu dukani na kifuu kikiwa mkononi wanaijua hukumu hii kwa vitendo. Na ikiwa muuzaji atakubali kukitengeneza kiti kwa gharama yake, na mnunuzi akaridhika, suluhu hiyo ni kheri kwa wote wawili.

Akikataa, sheria ya nchi nayo ina mlango. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro. Ipo pia sheria ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012. Wengi wetu hukimbilia kwa Kadhi kwa kila jambo, lakini mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mzozo wa mauziano ambao madai yake hayazidi shilingi milioni moja waweza kupelekwa katika mahakama ya madai madogo. Ahifadhi risiti, picha za kiti kilivyokutwa, maandishi ya fundi, na karatasi za hospitali za bibi.

Suala la tatu ndilo lililotukesha. Mume anasema kama tulivyouziwa nasi tuuze. Tunaielewa hasira yake. Ametoa fedha za jasho la ziwani, mamake ameungua, na aliyemuuzia amemjibu kwa karatasi. Lakini mtu wa Homa Bay hakumdhulumu. Hakuwako Mombasa gari lilipouzwa. Dhulma aliyotendewa mtu haimpi ruhusa ya kuihamishia kwa mwingine, na katika misingi mikubwa ya dini yetu ni kwamba hapana kudhuru wala kulipiza dhara kwa dhara. Akiuza kwa kunyamaza, atakuwa ameingia katika safu ya yule yule anayemlaumu. Tena huyo wa Homa Bay naye ana mama, na huenda ana mtoto atakayelazwa juu ya kiti kile.

Wala hatukatazi kuuza. Auze akiwa amekitengeneza kiti sawasawa kwa moja ya njia mbili tulizozitaja, na bado amueleze mnunuzi lililotokea. Au aliuze bila ya kutengeneza, akimwonyesha mnunuzi sponji ile iliyoungua kwa macho yake, na bei iende kwa hali hiyo. Atapunguza shilingi kadhaa, lakini Mtume wetu ametufundisha kwamba baraka ya mauziano imefungamana na ukweli na kubainisha, na kwamba kuficha na kusema uongo huifuta baraka hiyo.

Ama wewe, dada yetu, umeuliza kuhusu ukimya wako. Imamu Nawawi ameeleza kwamba wajibu wa kubainisha aibu hauko kwa muuzaji peke yake, bali hata mtu mwingine aliyeijua yampasa amjulishe mnunuzi. Kwa hiyo kunyamaza hakukufai. Lakini kuna adabu ya kusema. Usianze kwa mnunuzi. Anza kwa mumeo, mkiwa peke yenu, wakati ametulia na amekula, wala si mbele ya ndugu zake. Usimwambie kwamba yeye ni mlaghai, kwa sababu bado hajauza kitu. Mwambie unajua alivyoumia. Kisha mwombe akae karibu na mamake wakati unapomfunga kidonda, amwangalie. Tunadhani mwana aliyeliona paja la mamake hatakuwa na nguvu ya kurudisha ile kava. Akiendelea kushikilia, mtafute mtu mzima anayemheshimu, imamu wa msikiti wenu au ami yake, amnasihi. Na iwapo hayo yote hayakufaa, na mnunuzi akaja, basi neno lako moja la kweli kwake ni amana iliyo shingoni mwako. Kumtii mume ni katika mambo ya halali, na kughushi si katika hayo.

Mwisho, tunawausia wasomaji wetu wote wenye magari yaliyotoka nchi za baridi. Leo hii, tazameni kama kuna kitufe chenye picha ya kiti na mistari ya kujipinda. Kibonyezeni, mkae dakika tano, mpitishe kiganja juu ya kiti chote, kukalia na kuegemea. Mkihisi mahali pamoja panachoma kuliko pengine, kizimeni na mtafuteni fundi. Kama hamna haja ya joto, fungeni kifaa kama tulivyoeleza. Wafundisheni watoto kwamba vitufe vya gari si vya kuchezea. Mtoto naye asipakatwe kiti cha mbele, bali akae nyuma amefungwa vizuri. Na mnapomketisha mzee aliyepooza au mgonjwa wa sukari, gusieni kiti kwa mkono wenu kabla yake na katikati ya safari, kwa kuwa yeye hatawaambia. Na wenzetu wenye yadi hapa Mombasa, gari linaloshuka kwenu leo litambeba mama wa mtu msiyemjua, mbali na hapa. Semeni yaliyomo chini ya kava.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amponye bibi yetu wa Muhuru Bay, ampe mumewe dada yetu moyo wa subira na biashara yenye baraka, na atujaalie sote tuwe wenye kudhihirisha yaliyofichika kabla hayajaunguza watu.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.